Mluzi wa A320 unatoka chini ya bawa

Ndege ya abiria ya Airbus A320 hupiga mluzi mkali inapokuja kutua, na wengi wanaweza kudhani ni injini. Si injini. Mluzi huo unatoka kwenye matundu ya mviringo chini ya mabawa, yaliyowekwa ili presha isizidi kwenye matangi ya mafuta. Upepo ukipita mdomoni mwa tundu, kinatokea kile kile cha kupuliza mdomo wa chupa ya soda: hewa inajikunja kwenye ukingo wa mbele, vimbunga vidogo vinaenda kugonga ukingo wa nyuma, mgongano huo unarudisha wimbi la sauti mbele, nalo linazalisha kimbunga kingine kwa mpigo ule ule. Ndiyo maana unasikia sauti moja kali badala ya mvumo tu.

Uthibitisho ni dawa yake. Mwaka 2014 Lufthansa, shirika la ndege la Ujerumani, walianza kurusha A320 zenye kibati kidogo mbele ya kila tundu, baada ya vipimo walivyofanya na DLR, taasisi ya anga ya Ujerumani. Kibati kinavuruga upepo kabla haujafika tunduni, basi mluzi kwisha, na injini hazikuguswa.

Ila usitegemee kuusikia ukiwa umesimama jirani na uwanja. Pale magurudumu na flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) vimeshashuka, na kelele za vitu hivyo zinaumeza mluzi. Nenda kilomita kumi na kitu kutoka njia ya kurukia, ndipo utausikia vizuri. Bawa lisilo na tundu nalo huweza kupiga mluzi kwenye ukingo wa nyuma, lakini hayo ni mambo ya mabawa madogo yaendayo polepole, kama ya droni.