Skrubu nne za chini kwanza, mkuu, skopu baadaye

Mkuu, weka hiyo bisibisi chini. Sijasalimia, najua, salamu utaikuta mbele nikikumbuka.

Umesema uko Masasi, una bunduki ya Remington 700, ile ya risasi za .30-06, uliyoinunua kwa mtu kwa kufuata taratibu zote za polisi, skopu, yaani darubini ya kulengea, unayo, na fundi kakuuzia besi (kile kibao kinachofungwa juu ya bunduki) na ringi (pete zinazoishika skopu juu ya besi) "za kukaza tu, hazichagui bunduki". Unauliza ringi za alumini au za chuma, kimo gani, ukuzaji wa mara ngapi unatosha kwa pori la huku kusini, na je, ufunge mwenyewe au umrudishie yeye. Sawa. Ila kwenye picha yako nimeona skrubu za besi zimemwagwa kwenye kisosi kimoja, ndefu na fupi zimechanganyika kama dagaa. Hapo ndipo nilipoacha kula.

Bunduki yangu ni hiyo hiyo na risasi ni hiyo hiyo. Aliyenifungia skopu mara ya kwanza alikuwa fundi wa Dar, duka lina kiyoyozi, ukutani kuna pembe za nyati, na aproni kavaa. Mimi mtu wa Nachingwea nikiona aproni nashusha mabega. Skrubu zake nazo zilikuwa kwenye kisosi. Aliokota iliyokuwa karibu, akaikaza, akaokota nyingine. Akanigeukia akacheka: "Mzee, hii haitikisiki mpaka kiama." Nikalipa, nikamwongezea na ya soda. Ile soda ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Sasa sikiliza kinachotokea, maana hakuna aliyewahi kunieleza. Ile bodi ya chuma inayobeba bolti (kile chuma unachovuta na kusukuma kuingiza risasi) ina matundu manne juu, mawili mbele na mawili nyuma. Skrubu zake ni vitu vidogo sana, unene wake milimita tatu na nusu hivi. Tundu la mbele kabisa limekaa juu ya pale mtutu ulipofungwa ndani ya bodi. Ukiweka hapo skrubu ndefu kupita kina cha tundu, ncha yake inagota kwenye meno ya mtutu kabla kichwa hakijaishika besi sawasawa. Mkononi unaisikia imekaza. Unazungusha, inagoma, unasema alhamdulillah. Kumbe imeukaza mtutu, besi imeachwa inapumua.

Tundu la pili la mbele lina nafuu, kwa sababu chini yake yanapita masikio ya bolti, vile vinundu vya mbele vinavyoifunga. Skrubu ikizidi hapo, bolti inakwaruza au inagoma kufunga, na hata asiyejua kitu atashtuka. Ile ya mbele kabisa haina kelele. Inakaa kimya inakula hela yako.

Na ilikula. Siku ya kupanga shabaha, mita 100, mfuko wa mchanga chini ya kitako, risasi zilikaa pamoja vizuri tu. Nikapiga picha, nikawatumia watu, nikaweka na vikatuni vya misuli. Halafu ikaja barabara ya Nachingwea kwenda Liwale, na unaijua ile barabara ilivyo, yale mawimbi ya udongo mwekundu yanatikisa mpaka meno ya mtu. Bunduki imefungwa kwenye blanketi, nimeipakata kama mtoto mchanga. Kule porini nikampata kongoni dume, yuko ubavu, kasimama, hana habari na mimi. Nikavuta. Akashtuka, akaondoka na mguu wa mbele unaning'inia.

Tulimfuata mpaka giza. Mzee aliyekuwa anasoma nyayo hakuniambia neno baya hata moja, na nilitamani aniambie. Damu ilikuwa matone, halafu tone, halafu majani makavu tu. Askari wa wanyamapori tuliyekuwa naye akaniambia taratibu kwamba huyo ameshahesabika kwenye leseni yangu. Kwa hiyo nimelipia mnyama, nyama sina, na mnyama mwenyewe yuko mahali anateseka kwa sababu ya skrubu inayoenea kwenye ukucha wa kidole kidogo.

Unadhani niliangalia besi? Thubutu. Nililaumu risasi, nikabadilisha aina. Nikalaumu upepo, na siku ile hata jani halikutikisika. Mwisho nikailaumu skopu. Nikamuuzia mwalimu mmoja wa Nanyumbu kwa bei ya kutupa, nikanunua nyingine ya bei ambayo mama watoto aliambiwa nusu yake. Nikampelekea fundi yule yule aifunge. Alichofanya ni kufungua ringi za juu, kubadilisha skopu, kufunga ringi, kupokea hela na kunipa pole kwa "skopu mbovu". Besi hakuigusa. Skopu na ringi zikishakaa, vichwa vya skrubu za besi vinafichika au huvifikii, na asiyetaka kazi hawezi kuvitafuta. Shabaha ikaendelea kutembea, leo kushoto chini, kesho kulia juu, na .30-06 haiuzwi kwa debe. Yule mwalimu naye kila tukikutana ananisifia ile skopu, anasema inapiga palepale tu. Namjibu nimefurahi sana kusikia.

Aliyeugundua ugonjwa si fundi wa bunduki. Ni jamaa yangu, fundi mitambo kwenye kiwanda cha kubangua korosho pale Mtwara, mtu wa kushinda na beringi na shafti. Kwanza akanifanya nihakikishe bunduki haina risasi, nitoe na bolti, ndipo akaipokea. Akafungua kila kitu cha juu, ikabaki besi peke yake. Akachukua kipande cha stakabadhi yangu ya ghala, ile ya mauzo ya korosho, akakiingiza chini ya besi upande wa mbele. Kikapita. Akakivuta, kikatoka upande wa pili kikavu kabisa. Akaing'oa skrubu ya mbele akanionyesha ncha: imebonyea, ina alama inayong'aa pale ilipokuwa inagota. Nikakaa kwenye ngazi ya kiwanda nikaomba maji.

Kwa hiyo mkuu, USIFUNGE KITU CHA JUU KABLA CHA CHINI HAKIJATHIBITIKA. Ninaandika kwa herufi kubwa kwa sababu najua utaruka.

Chukua njiti ya kiberiti, iingize kwenye kila tundu la bodi, weka alama ya kina chake. Halafu iweke besi mezani, pitisha skrubu kwenye tundu lake la besi, pima kiasi kinachochomoza chini. Kinachochomoza kikizidi kina cha tundu, hiyo si skrubu ya hapo. Usilazimishe, tafuta fupi. Pakiti nyingi huja na urefu tofauti kwa sababu hiyo, fundi wako hakupewa ziada ya kuchezea. Baada ya hapo ifunge besi kwa skrubu moja moja. Kila skrubu ikiwa peke yake lazima iibane besi isichezeke kwa kidole. Ikichezeka, umeshampata mchawi. Kama besi yako ni ile ndefu ya kipande kimoja, kaza mbele tu kisha tazama nyuma, kama imenyanyuka usiilazimishe ilale kwa skrubu, maana itapinda na itaipindisha skopu. Mwisho rudisha bolti, ifungue na kuifunga taratibu, usikie kama kuna kitu kinagusa.

Mafuta yote yatoke kwenye matundu na kwenye skrubu kabla ya kukaza. Asetoni inafaa, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, ila omba kwanza usije ukalala sebuleni. Tone dogo la gundi ya skrubu, ya bluu. Nyekundu usiiguse, siku ya kufungua utahitaji moto. Nguvu ya kukaza iko kwenye karatasi ya mtengenezaji, kwa skrubu hizi za besi mara nyingi ni kama nyutoni mita 2.5, na za ringi huwa chini ya hapo, karibu 2. Hiyo ni nguvu ndogo sana, wewe na mimi tuliozoea kukaza nati za pikipiki tutaipita bila kujua, kwa hiyo azima bisibisi yenye kipimo. "Kaza mpaka ilie" ni ushauri wa watu wasiolipia risasi. Ringi ukiikaza mpaka ilie, kinacholia ni bomba la skopu.

Alumini au chuma? Zote zinafaa zikiwa za mtengenezaji anayeeleweka. Hakikisha tu ni za milimita 25.4 au 30 kulingana na bomba la skopu yako, na zimeandikwa kwamba besi yake ni ya Remington 700. "Hazichagui bunduki" ni maneno ya muuza sahani. Jicho lako likae kama sentimita 9 kutoka kioo cha nyuma ukiwa umeishika bunduki kwa mkao wa kupiga, si ukiwa umekaa sofani, la sivyo utarudi na kovu juu ya nyusi na utaulizwa nani kakupiga.

Yule fundi wako usimrudishie. Akikuuliza kwa nini, mwambie aitaje skrubu ya tundu la mbele kabisa ni ipi kati ya zile za kwenye kisosi, mtazame usoni.

Habari za Masasi lakini? Najua unawahi msimu wa Julai, na kuna maswali yako mengine sikuyajibu, nadhani la kimo na la ukuzaji, wadau wengine watakusaidia. Mimi nataka kitu kimoja tu leo hii: zitoe skrubu zote kwenye hicho kisosi, zipange kwenye karatasi nyeupe kwa urefu, weka rula pembeni, piga picha ulete hapa. Njiti nazo ziweke pembeni zikiwa na alama zake. Mpaka nizione, skopu ibaki kwenye boksi lake.