Duma si mnyama, na maneno mengine ya watu wa metali

Tangu nilipokiri hapa kwamba mimi na umri wangu huu nasikiliza hevi metali, yaani ile roki nzito ya magita yanayonguruma, maswali hayajakoma. Wanaouliza kuhusu muziki wenyewe ni wachache. Wengi wanataka kujua maneno. Nimechagua sita.

Mwanangu anasoma Ujerumani. Amerudi kutoka tamasha na goti limevimba, anasema alikuwa "anamoshi". Ndiyo nini hiyo? (Mama, Morogoro)

Pole, mama. Mbele ya jukwaa watu huacha uwazi, wanauita shimo, kisha wanaingia humo na kugongana mabega kwa raha zao. Ukiona kwa mbali utadhani ni ugomvi, lakini kuna adabu yake: mtu akianguka, walio karibu wanamwinua mara moja.

Neno "mosh" lina safari ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na bendi ya Washington, Bad Brains, vijana weusi waliofuata imani ya Rastafari na kupiga panki, roki fupi na kali, kwa kasi ya ajabu. Simulizi inayokubalika zaidi ni kwamba mwimbaji wao, H.R., alikuwa akipaza sauti "mash!" kwa lafudhi ya Kijamaika, "mash" ileile ya kuiponda Babeli, yaani mfumo wa wakandamizaji, ambayo wapenzi wa rege mnaijua vizuri. Vijana waliokuwa mbele wakasikia "mosh". Mwaka 1985 bendi ya S.O.D. ikaliweka kwenye wimbo, na mwaka 1987 Anthrax nao wakalirudia, basi likawa limekwisha kuota mizizi. Kwa hiyo goti la mwanao limeumizwa na watu waliosikia vibaya miaka 40 iliyopita. Mkande kwa barafu.

Ile ishara ya pembe, kidole cha shahada na kidole cha mwisho juu, si ya kishetani? (Msomaji, Tanga)

Swali hili huja kila mara, na nafurahi safari hii limetoka Tanga, maana wewe utanielewa haraka. Aliyeisambaza ni mwimbaji Ronnie James Dio, aliyeingia bendi ya Black Sabbath mwaka 1979 kuchukua nafasi ya mwimbaji wao wa kwanza, Ozzy Osbourne. Ozzy alikuwa na mazoea ya kunyoosha vidole viwili vya amani, na Dio hakutaka kumwiga. Akachukua ishara ya bibi yake, mama wa Kiitaliano aliyeitumia kujikinga na "malocchio". Na hiyo malocchio ni nini? Ni kijicho! Husuda ileile ambayo huku pwani mtoto mchanga hupakwa wanja kwa ajili yake. Dio mwenyewe alisema hakuibuni ishara hiyo. Laiti bibi yule angezaliwa Pangani, huenda mashabiki leo wangekuwa wanaingia uwanjani na chetezo cha ubani.

Kwa nini wanaandika "trve" na "kvlt"? Hawajui tahajia? (Mwalimu, Dodoma)

Wanajua, mwalimu. Weka U mahali pa V, na C mahali pa K: "true" ni wa kweli, "cult" ni dhehebu. Wamechukua V ya maandishi ya Kilatini kwenye mawe ili neno lionekane la kale. Mtindo huo umeshikana na metali nyeusi (black metal), tawi la metali lile lililopata sura yake Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi ukiitwa "trve" usifurahi haraka; mara nyingi unachekwa kwa kujifanya mwenye muziki peke yako. Kinyume chake ni "poser", na hapo Kiswahili hakihitaji msaada: mbabaishaji. Kavaa fulana ya bendi, nyimbo tatu hazijui.

"Djent" hutamkwaje, na maana yake nini? (Mpiga gita, Arusha)

Tamka "jenti", uikate kabla ya ile "i". Maana hakuna, ni mlio. Nyuzi nene zimelegezwa sana, kiganja kinazibana karibu na daraja la gita, unapiga: jent! Wanaotajwa kuwa chanzo ni bendi ya Meshuggah ya Uswidi, na Misha Mansoor, mpiga gita wa bendi ya Periphery, Marekani, ndiye aliyelieneza. Hata jarida la Kerrang!, lililoanza Uingereza mwaka 1981, limepewa jina la mlio wa gita. Sisi tunaotumbukia chubwi na kunyamaza jii tusiwashangae.

Huku kwetu hakuna bendi za metali? (Msomaji, Nairobi)

Wewe wa Nairobi ndiye unayeniuliza mimi? Bendi ya Duma, ya watu wawili, ni ya kwenu! Wawili hao walitoa albamu yenye jina hilohilo mwaka 2020, kelele tupu, nzuri mno. Mswahili akisikia Duma anaona mnyama mwenye mbio kuliko wote, kumbe jina ni la Kikuyu: giza. Walioitoa albamu hiyo ni kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwa Kiganda "nyege nyege" ni hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika. Kwa Kiswahili, mnajua wenyewe, na mimi sitaki kesi na mhariri. Nilimtajia shemeji yangu jina la kampuni, akaniuliza kama mke wangu anajua.

Ukitaka mbali kidogo, Botswana mashabiki wanavaa ngozi kutoka kofia hadi buti, kwenye jua lile, na wanaitwa MaRock. Kiambishi "ma" hicho ni ndugu wa damu wa chetu.

"Headbanging" tuiteje? Kutikisa kichwa? (Mtafsiri, Zanzibar)

Hapana. Anayetikisa kichwa anakataa jambo. Kupiga kichwa nako ni kosa la jinai. Mimi nilipendekeza kutwanga: kichwa kinapanda na kushuka kama mchi, nywele zinaruka kama pumba. Rafiki yangu wa Dar es Salaam akanikatalia, eti watu wa dansi walishalichukua neno hilo zamani, wakaliongezea na pepeta.