Wenye Ngoma Wakisema Hapana: Kutunga Dansi ya Kisasa Pamoja na Jamii za Asili

Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya onyesho letu la kwanza, bibi aliyekuwa ametufundisha sehemu kubwa ya miondoko tuliyokuwa tukiitumia aliinua mkono wake wa kulia, mpiga ngoma akanyamaza, na wachezaji sita wakabaki wamesimama katika duara huku jasho likiwatiririka. Kupitia kwa mjukuu wake aliyekuwa akitafsiri, aliniambia, “Mwanangu, sehemu hii tusiipeleke mbele ya watu.” Alikuwa ameiona vipande vipande kwa miezi minne, na kila kipande alikipitisha. Siku ile aliiona ikiwa nzima: miguu, pumzi, mdundo na mwelekeo wa duara vilikutana mahali pamoja kwa mara ya kwanza, na mbele ya macho yake kazi yetu ikaacha kuwa kumbukumbu ya shughuli ya jamii yake, ikawa shughuli yenyewe, ikifanywa na watu ambao hawakupewa ruhusa ya kuifanya. Tulizungumza kwa muda wa saa moja hivi, kisha tukaziondoa dakika saba katika kazi ya dakika hamsini na mbili.

Nimeanza na siku ile kwa sababu ilinifundisha kuliko mafanikio yoyote niliyoyapata katika kutunga dansi ya kisasa kwa kushirikiana na wasanii wa jamii za asili, yaani jamii zilizokuwa wenyeji wa nchi zao kabla ya wageni kuja kuzitawala. Ninawaandikia watunzi, wachezaji na waandaaji wanaotamani kuifanya kazi ya namna hii, hasa wale ambao, kama nilivyokuwa mimi, wanadhani kwamba heshima na nia njema vinatosha. Havitoshi. Mwenye ngoma anapaswa kupewa uwezo halisi wa kusema hapana, uwezo huo uandikwe katika makubaliano kabla ya hatua ya kwanza kuchezwa, na kazi nzima ipangwe kwa namna ambayo hapana hiyo, ikija, itaweza kupokelewa.

Sisi tulikuwa tumeuandika, na tuliuandika kwa sababu ya kosa nililolifanya miaka kadhaa kabla ya hapo. Nilitunga kazi fupi kutokana na miondoko niliyofundishwa na mchezaji mmoja kijana wa jamii nyingine ya asili. Nilimlipa kama mchezaji, nikaandika katika kijitabu cha onyesho kwamba kazi “imechochewa na ngoma za jadi,” tukaizungusha katika kumbi kadhaa. Wazee wake walipoiona katika video waliyotumiwa kwa simu, hawakuniuliza mimi. Walimuuliza yeye ni nani aliyempa ruhusa ya kuitoa ngoma ya ukoo usio wake. Mimi nilirudi nyumbani salama baada ya kila onyesho, lakini yeye kwa muda mrefu hakuweza kurudi kwao bila kukutana na swali lile.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolishauri ni kuuliza ngoma ni ya nani, na kutomwachia msanii mmoja mzigo wa kuisemea jamii nzima. Kuwa mtu wa jamii fulani hakumpi mtu haki ya kila kilichomo katika jamii hiyo. Miongoni mwa jamii za asili za pwani ya Pasifiki nchini Kanada, kwa mfano, nyimbo na ngoma nyingi ni mali ya familia mahususi, na haki ya kuzicheza hurithiwa na kutangazwa mbele ya mashahidi. Kundi la dansi la Bangarra la Sydney, Australia, lililoanzishwa mwaka 1989 na ambalo kazi zake hutungwa na kuchezwa na Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait wenyewe, ambao ndio watu wa asili wa nchi hiyo, bado huwaendea wazee wa eneo husika kuomba ruhusa na mwongozo linapotaka kusimulia habari za eneo hilo. Ikiwa wao, walio wa damu, wanapiga hodi, sisi tunaotoka nje hatuna hoja ya kuingia moja kwa moja.

Majibu huchelewa. Katika kazi niliyoanza nayo hapo juu, tulisubiri miezi mitano kabla ya kuambiwa kwamba tunaweza kuanza, na mfadhili wetu mmoja alichoka akajiondoa. Wapo waandaaji wanaouona ucheleweshaji huo kuwa ukaidi, nami huwaomba wakumbuke yaliyozikuta ngoma hizi. Nchini Kanada, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1885 ilipiga marufuku potlatch, ile hafla kubwa ya jamii za pwani ambamo majina, nyimbo na haki za familia hutangazwa. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1951, na katika kipindi hicho watu walifungwa, na vinyago vyao vikatwaliwa na kuishia katika makumbusho. Huko Hawaii, Malkia Kaʻahumanu aliipiga marufuku hula, ngoma ya jadi ya visiwa hivyo, isichezwe hadharani mwaka 1830, na ni hadi sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Kalākaua mwaka 1883 ndipo ilipopewa tena nafasi ya heshima mbele ya taifa. Mzee ambaye bibi yake alicheza kwa kujificha ana kila sababu ya kutaka kujua ni nani atakayeketi ukumbini, taa zitawaka wapi, na video itabaki kwa nani.

Wengi huniuliza kuhusu sheria, wakitumaini kwamba ipo inayotoa jibu. Hakimiliki, kwa ilivyo katika nchi nyingi, humlinda mtunzi anayejulikana, kwa muda wenye kikomo. Ngoma iliyopokezwa vizazi kwa vizazi haina mtunzi mmoja wa kuandikishwa, kwa hiyo mara nyingi huhesabiwa kuwa mali ya umma. Matokeo yake ni kwamba mimi niliyekuja juzi ninaweza kupata hakimiliki ya utunzi niliouweka juu ya ngoma hiyo, huku aliyenifundisha akibaki mikono mitupu. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, linatamka katika kifungu cha 31 kwamba watu hao wana haki ya kuudhibiti, kuulinda na kuuendeleza urithi wao, zikiwamo sanaa za maonyesho. Hata hivyo, azimio si sheria ya kupeleka mahakamani moja kwa moja. New Zealand ilipitisha mwaka 2014 sheria inayotaka Ka Mate, haka (ngoma ya jadi ya Wamaori) iliyo maarufu, inapotumiwa kibiashara itajwe kuwa ni utunzi wa Te Rauparaha, chifu wa kabila la Kimaori la Ngāti Toa Rangatira. Ni hatua ya maana, ingawa inahusu kutajwa tu wala haidai malipo. Nchini Australia, Baraza la Sanaa, ambalo tangu mwaka 2023 huitwa Creative Australia, lilitoa mwaka 2019 miongozo ya kutumia mali ya kitamaduni ya jamii za asili, na msanii anayeomba ruzuku ya baraza hilo hutakiwa kuifuata. Nje ya mifano michache ya namna hii, kinachomlinda mwenye ngoma ni mkataba mnaoandikiana, na ndiyo maana mkataba huo usiandikwe na upande mmoja kisha upande wa pili ukaletewa kalamu tu.

Wetu ulikuwa na kurasa nne, ukasomwa kwa sauti katika lugha zote mbili. Ulisema kwamba bibi na mpiga ngoma ni watunzi pamoja nami na majina yao yatatangulia langu, kwamba miondoko tuliyofundishwa itabaki mali ya jamii hata baada ya kuingia katika kazi yetu, na kwamba kila onyesho jipya litaombewa ruhusa upya. Kisha kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba bibi anaweza kuondoa sehemu yoyote wakati wowote, hata usiku wa onyesho, bila kutakiwa kueleza sababu. Meneja wetu aliipinga sana sentensi hiyo. Ninamwelewa, kwa maana tikiti zilikuwa zitauzwa, lakini ruhusa isiyoweza kurudishwa haina tofauti na kununua.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi. Mlipe mzee kwa kiwango cha mtunzi, ukihesabu pia siku za safari na siku alizokaa akitazama bila kusema neno, na umlipie anayemsindikiza. Chakula na nauli si malipo.

Sasa niingie katika chumba cha mazoezi, kwa sababu ndiko ushirikiano unakopimwa kila siku. Wachezaji wangu walikuwa wamefundwa katika dansi ya kisasa na balleti, na miili yao ilikuwa imezoea kuikimbia sakafu: kisigino kinainuka, uzito unapanda, shingo inarefuka. Siku ya pili bibi alimwinamia mmoja wao, akamshika kisigino kwa mikono miwili na kukikandamiza chini mpaka goti likalegea lenyewe. Akamwambia asikipige chini, akiache kifike. Tulirudia hatua ile moja asubuhi nzima, na njuga zilizofungwa miguuni zilitueleza ukweli ambao macho yangu hayakuweza kuuona, kwa maana kisigino kilichopigwa hutoa mlio mkali unaokatika ghafla, ilhali kisigino kilichofika hutoa mlio mzito unaofuatiwa na mtetemo mdogo. Kufikia mchana niliweza kufumba macho na kujua ni nani kati ya wale sita amekwisha kuelewa.

Kisha tukakutana na tatizo la kuhesabu. Sisi huhesabu moja hadi nane, na kila mchezaji hujua kwamba anageuka katika tano. Mpiga ngoma hakuhesabu kitu. Alikuwa akiutazama mguu wa mchezaji wa mbele na kuusubiri, na pumzi ya mwimbaji ikirefuka naye alirefusha, kwa hiyo mzunguko mmoja ulikuwa mrefu na mwingine mfupi, na wachezaji wangu wakawa wanagongana. Pendekezo langu la kwanza, ambalo sasa ninalijutia, lilikuwa kumwomba ashike mdundo usiobadilika ili tuweze kuhesabu. Alikubali kwa upole, akapiga hivyo siku mbili, na ngoma ikafa mikononi mwake, kila mtu akiisikia inavyokufa. Siku ya tatu nilipiga marufuku kuhesabu kwa sauti, na kwa wiki mbili tulijifunza kusikilizana. Wiki hizo mbili hazikuwa katika ratiba. Ukiandaa bajeti, ziweke tangu mwanzo, kwa sababu mwili uliofundwa kwa miaka kumi hauwezi kuacha mazoea yake kwa siku mbili.

Yapo maswali mengine kuhusu mpaka kati ya kuchochewa na kunakili. Njia ninayoiamini ni kutafuta kanuni inayoendesha mwondoko, kisha kutunga kutokana na kanuni hiyo, kuliko kubeba mfululizo wa hatua kama ulivyo na kuuweka chini ya taa. Germaine Acogny wa Senegali, aliyetunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya Biennale ya Venice, tamasha kubwa la sanaa la Italia, mwaka 2021 kwa kazi ya maisha yake yote, alijenga mbinu kamili kutokana na ngoma za Afrika Magharibi na mafunzo ya Ulaya, uti wa mgongo ukiwa ndio kiini chake, na mbinu hiyo huweza kufundishwa kwa mtu wa popote. Hata hivyo, njia hii nayo haiondoi haja ya kuuliza. Zile dakika saba zilikuwa utunzi wangu, hakuna hatua hata moja niliyoinakili, na bado kiini kilipita katikati ya hatua zangu, bibi akakitambua.

Suala la video nalo lisiachwe kwa mazoea. Tulikubaliana kwamba simu zitawekwa nje ya chumba cha mazoezi, kwamba kamera moja tu itarekodi, na kwamba kanda itahifadhiwa na jamii, nasi tubaki na nakala kwa idhini. Baada ya yaliyompata yule kijana, sikuwa tayari kubahatisha.

Pengo la dakika saba tulilijaza kwa siku tisa. Nilimuuliza bibi ni kipi katika vyote alivyotufundisha ambacho ni cha kila mtu, naye akajibu kwamba kukanyaga ardhi ni kwa kila mwenye miguu. Basi tukarudi kwenye kisigino. Wachezaji sita walisimama mbali mbali, kila mmoja akielekea upande wake ili duara lisijengeke hata kwa bahati mbaya, wakakanyaga kwa dakika tatu bila ngoma, njuga zikifuatana na pumzi tu. Bibi aliitazama mara mbili, akaomba mchezaji mmoja asogee nyuma, akapitisha. Kazi ikawa ya dakika arobaini na nane, na nne zilizopungua hakuna mtazamaji aliyeziuliza.

Bibi amefariki mwaka jana. Sauti yake iliyorekodiwa ndiyo inayofungua kazi ile, na katika jamii nyingi za asili jina, picha na sauti ya marehemu huwekwa kando kwa muda ambao wafiwa wenyewe huupanga. Ndiyo sababu sijamtaja jina hapa. Mwandaaji wa tamasha moja ametuomba tuioneshe tena, na kwa mujibu wa makubaliano nimempelekea ombi hilo mjukuu wake, ambaye bibi mwenyewe alimtaja kuwa mshika idhini baada yake. Amenijibu kwamba wazee hawajakaa, na kwamba watakapokaa hawataanza na jambo hili. Nimemwandikia mwandaaji kwamba sina tarehe ya kumpa.