Mguu umevimba, hauumi, unatoa punje nyeusi

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ni mchungaji, tuko Chamwino, Dodoma. Mguu wake wa kulia umevimba, huu mwaka wa pili, lakini anasema haumuumi. Una vitundu, na usaha unaotoka una vipunje vyeusi. Wengine wanasema ni matende, wengine jipu sugu. Ni nini hasa?

JIBU: Marahaba. Kilichonishtua ni hizo punje. Matende hayatoi punje, na jipu halikai miaka miwili bila kuuma. Ninachokihofia ni maisetoma, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2016 kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Vimelea vyake huishi udongoni, huingia kwa mwiba au mchubuko, hasa kwa anayetembea peku. Uvimbe unaweza kuchelewa miezi, hata miaka, kwa hiyo huenda mwiba wenyewe hata haukumbuki.

Huanza na kinundu kigumu chini ya ngozi. Vinundu huongezeka, ngozi hukaza na kung'aa, kisha vitundu hufunguka. Kimoja kikiziba, kingine hutokea jirani. Kutouma ndiko kunakowaponza wengi: mtu anaendelea kuchunga huku ugonjwa unakula mfupa.

Futa usaha kwa shashi safi, uitazame kwenye mwanga. Punje nyeusi na ngumu kwa kawaida ni za fangasi, mara nyingi Madurella mycetomatis. Nyekundu huwa za bakteria. Nyeupe na za njano zinaweza kuwa za yeyote kati yao. Tofauti hiyo ni kubwa sana, kwa sababu bakteria hutibiwa kwa antibayotiki, ila fangasi huhitaji dawa kama itrakonazoli kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka au zaidi, pengine na upasuaji. Inaniuma kuona mgonjwa amemeza antibayotiki za dukani, dozi baada ya dozi, na hakuna aliyeziangalia punje zake.

Hata hivyo rangi peke yake haitoshi. Zahanati iwaandikie rufaa kwenda hospitali ya mkoa, akatwe kinyama cha kupima. Msiukamue, msiuchanje wala kuuchoma. Hauambukizi mtu kwa mtu, kwa hiyo msimtenge. Na eksirei ya mguu apigwe hata kama bado anatembea vizuri.