Jibu: Kuwatafuta tuliosoma nao, na kwa nini wengi hunyamaza

Dada uliyeuliza kuhusu shule yenu ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, nimekusoma vizuri. Umepewa kazi ya kukusanya habari za waliosoma pale miaka ya themanini, umetuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, na wanaojibu ni wale wale: daktari, mhandisi, na yule aliye Marekani. Wengine kimya. Unauliza ufanye nini, na kama uanze na mchango wa mkutano wa Desemba. Kazi hiyo nimeifanya kwa darasa letu, shule ya bweni ya wavulana na wasichana upande wa Kakamega, nami siku hizi naishi Kisumu. Nitakwambia nilichokiona.

Kimya hicho kinaletwa na swali lenyewe. Watu huuliza, "Siku hizi unafanya kazi gani?" Sasa mtu ambaye kiwanda kilifungwa akarudi shambani, au anayelea wajukuu walioachwa na mwanawe, akilisoma swali hilo chini ya habari za daktari, ataona hana la kusema. Badilisha swali. Muulize yuko wapi, darasani alikaa na nani, na anamjua nani mwingine aliko. Hilo la tatu ndilo litakalokujengea orodha yako. Tena mpigie simu. Usimuulize mbele za watu.

Tuna mwenzetu anayeuza omena, yaani dagaa, soko la Luanda. Kwenye kundi hakuwahi kuandika hata neno moja. Nilipompigia, kelele za makanga wakiita abiria wa Busia zilikuwa zinamfunika, akaniambia subiri, akasogea nyuma ya kibanda. Nikamuuliza bwenini alilala karibu na nani. Alianza na kitanda cha mlangoni akamaliza safu nzima: huyu aliolewa Siaya, huyu ni muuguzi Nakuru, huyu alizika mume mwaka jana na hakuna aliyemjulia hali, huyu hupita hapa kila siku ya soko na hununua kwangu kwa deni. Luanda iko kwenye barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia, na karibu kila mtu wa pande zetu hupita pale. Habari ambazo sisi tulikuwa tukizitafuta mitandaoni, yeye alikuwa nazo zote, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Watu wa namna hiyo ndio uwatafute kwanza. Daktari atajileta mwenyewe.

Halafu nenda shuleni uombe kuiona rejista, maana kumbukumbu za miaka huchanganya sana, hasa kwa watu wa rika letu. Sisi tulikuwa wa kwanza wa 8-4-4, mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu: KCPE ya kwanza, mtihani wa darasa la nane, 1985, kidato cha kwanza 1986, KCSE ya kwanza, mtihani wa kidato cha nne, 1989. Waliotutangulia walifanya CPE, mtihani wa darasa la saba, mwaka 1983 wakaingia kidato cha kwanza 1984. Mwaka 1985 vidato vya kwanza havikupata watoto wapya, kwa sababu waliokuwa darasa la saba walibakia msingi kuanzisha darasa la nane. Kwa hiyo tulipofika na masanduku yetu ya bati hapakuwa na kidato cha pili. Waliotupokea walikuwa wa kidato cha tatu. Mtu akikwambia aliingia 1985, hebu muulize tena taratibu, huenda amekosea mwaka au alirudia darasa akitoka shule nyingine. Akisema alimaliza 1988, muulize kama ni kidato cha sita, kwa maana darasa la kidato cha nne mwaka huo halikuwapo. Na ukisikia "sisi wa 1989," jua ni makundi mawili: sisi wa KCSE, na wakubwa wetu waliofanya KACE ya mwisho, mtihani wa kidato cha sita, mwaka huo huo kama shule yenu ilikuwa na kidato cha tano na sita. Ukiwachanganya utawaudhi wote.

Wasichana ndio wagumu kuwapata kwa jina. Jina lililo kwenye rejista wengi waliliacha walipoolewa, na kijijini watu wanamjua kama Mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa Wajaluo ataitwa kwa alikozaliwa, Nyar Gem au Nyar Alego. Anzia kwa wazazi wake au kaka zake, uulize aliolewa wapi na mtoto wa kwanza anaitwaje. Ukifika huko kwa jina la shuleni, watakwambia hapa hakuna mtu kama huyo, na huenda yuko jikoni anakusikia.

Wenzetu waliokuwa wameshika maisha Nakuru na Eldoret, wengine walihama wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Usiulize kundini kwa nini mtu aliondoka. Atakayetaka kusema atasema.

Kisha kuna waliotangulia. Nakuomba sana uwape nafasi yao. Tulimaliza shule mwishoni mwa miaka ya themanini, na miaka ya tisini ukimwi uliingia nyumba nyingi za Nyanza na Magharibi kabla dawa hazijafika. Tuliwapoteza wengi, na kwa muda mrefu majina yao hayakutajwa kwa sababu ya aibu ambayo haikuwa yao. Andika jina, mwaka, bweni, na nyumbani kwao. Sababu ya kifo usiiandike hata kama kila mtu anaijua. Ukiwa na picha ya zamani yenye sura ya marehemu, tengeneza nakala uipeleke kwao. Mama mmoja wa Butere tulimpelekea picha ya mwanawe akiwa na timu ya hoki, akatuambia hakuwa na picha yake hata moja. Mtoto wa marehemu, ambaye sasa ni mtu mzima, akaomba atumiwe kwenye simu palepale.

Kuhusu mchango, usianze nao. Tangu M-Pesa ije 2007 kuchanga kumekuwa rahisi, na kundi la watu wa shule hugeuka upesi kuwa kundi la matanga na harusi. Asiye na kitu hujiondoa usiku, bila kuaga. Mkiwa na haja ya kuchanga, fungueni kundi la pili lenye mweka hazina wake, na lile la kwanza libaki la habari tu.

Mkutano wenyewe uweke kati ya Krismasi na mwaka mpya, watu wakiwa nyumbani na kabla ya karo ya Januari. Ombeni ukumbi kwa mwalimu mkuu kabla shule haijafungwa. Chai, mandazi na viti vinatosha. Na gharama ya nauli ya wale wa mbali wasiojiweza, zungumza na yule daktari pembeni. Darasani kwetu wenye uwezo walikubali mara moja, na majina ya waliosaidiwa anayajua mweka hazina peke yake.