"Bingwa wa Lishu": mahali au mwandiko?

SWALI: Natafsiri maelezo ya picha za maonyesho ya sanaa ya Kichina. Chini ya picha moja niliandika: "Mzee huyu ni bingwa wa Lishu." Mhariri akafungua ramani, akaikuta Lishu katika mkoa wa Jilin, akabadilisha kuwa "bingwa kutoka Lishu". Mimi nilikusudia mtindo wa kuandika kwa brashi. Kosa ni la nani? Na je, niweke alama za toni ili kuzitenganisha?

JIBU: Mhariri wako alisoma kilichoandikwa. Tatizo ni hiyo "wa". Bingwa wa Tanga ni mtu wa Tanga au aliyeshinda huko. Bingwa wa kareti ni anayeimudu kareti. Ukiipachika kwenye jina lenye maana mbili, msomaji atashika ile aliyoikuta kwanza.

Wachina wenyewe hawapati taabu hiyo. Mtindo wa kuandika ni lìshū: silabi ya kwanza inashuka, ya pili inakaa juu. Mahali ni líshù: ya kwanza inapanda, ya pili inashuka. Herufi zao hazifanani hata kidogo. "Shu" ya mwandiko ni maandishi, "shu" ya mahali ni mti, na jina zima la mahali maana yake ni mti wa peasi. Majina haya hayana undugu. Yamekutana tu kwenye herufi za Kilatini baada ya toni kuachwa nyuma.

Alama za toni siziungi mkono katika maelezo ya picha. Msomaji wetu hajui kuzisoma, kwa hiyo hazitamsaidia. Wachina nao, walipohitaji kutenganisha mikoa miwili jirani ambayo majina yake hutofautiana kwa toni tu, waliongeza herufi: mmoja ni Shanxi, mwingine Shaanxi. Sisi tuna "barabara" ya magari na "barabara" ya kusema sawasawa. Mkazo unazitofautisha mdomoni, lakini kwenye karatasi hatuweki alama yoyote. "Barabara imejaa" na "amejibu barabara" zinajieleza zenyewe.

Sarufi yetu itakufanyia kazi hiyo hiyo hapa. Jina la mahali huchukua upatanisho wa mahali: "Lishu kunalimwa mahindi", na kweli wilaya hiyo ya Jilin inasifika kwa mahindi na udongo wake mweusi. Mwandiko hauwezi kuchukua "ku-" hiyo; utasema "lishu yake imekolea wino". Kisha tazama kitenzi. "Amejifunza lishu" ni kuujua mwandiko. "Amejifunzia Lishu" ni kwamba masomo yake aliyapata huko. Kauli ya kutendea imebeba mahali pote, bila "katika" wala "kwenye". Watafsiri wengi huisahau kauli hii, na huwa nasikitika, maana ni mali tuliyo nayo nyumbani.

Mahali paanze kwa herufi kubwa, mwandiko kwa ndogo. Lakini usitegemee hilo peke yake, kwani mwanzoni mwa sentensi tofauti inapotea, na msikilizaji wa redio haioni kabisa. Tanguliza nomino: hati ya lishu. Kuna watakaokwambia unarudia, kwa kuwa "shu" tayari ni maandishi. Tunasema Ziwa Nyasa, na nyasa ni ziwa, wala hakuna anayelalamika.

Mara ya kwanza unaweza kuongeza "yaani hati ya makarani". Mwandiko huu ulikua mikononi mwa makarani wa serikali, ukashamiri enzi ya Han, mwaka 206 KK hadi 220 BK. Herufi zake ni pana na fupi kwa kimo. Ule mstari mrefu wa ulalo huanza kwa kinundu na kuishia kwa ncha pana inayonyanyuka. Wachina huuita kichwa cha kiwavi wa hariri na mkia wa bata bukini. Ukitaka kuuona mwandiko huu ulivyotulia, tafuta picha ya jiwe la maandishi la Cao Quan, ofisa wa enzi ya Han, la mwaka 185 BK, linalohifadhiwa katika jiji la Xi'an.

Ramani ina Lishu nyingine, ndani ya jiji la Jixi, mkoa wa Heilongjiang. Fanya tufanyavyo kwa Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko: Lishu ya Jilin, Lishu ya Jixi.

Usidhani pia kwamba jina likishirikiwa na mahali na mwandiko basi kila mara ni bahati tu. Hati ya Kufi, ya Kiarabu, imepata jina lake kwa mji wa Kufa, Irak. Hapo undugu upo, na herufi kubwa ya "Kufa" usiiache kamwe.

Basi andika: "Mzee huyu ni bingwa wa hati ya lishu." Na kama kweli kwao ni huko: "Mzee huyu wa Lishu, Jilin, ni bingwa wa hati ya lishu."