Wewe unayeanza kusoma ini, yafuate maji

Kama ndiyo kwanza unafungua sura ya ini, nakusihi usianze kwa kukariri majina ya asidi za nyongo. Mimi nilianza hivyo. Nilijaza daftari, nikaweza kuyataja yote kwa mpangilio, kisha mwalimu akaniuliza swali moja tu: "Maji yaliyomo kwenye nyongo yanaingiaje humo?" Nikajibu kwamba damu huyasukuma, kama inavyochujwa kwenye figo. Akanichorea seli mbili za ini zilizobanana, katikati yake kijifereji chembamba mno, akaniambia kuwa shinikizo la nyongo humo ndani linaweza kuzidi lile la damu inayopita pembeni. Sasa damu itasukumaje kitu kiende kwenye shinikizo kubwa kuliko lake?

Mchoro ule ulinifungua macho. Seli ya ini huzipokea asidi za nyongo kutoka kwenye damu, kisha pampu inayotumia ATP, yaani nishati ya seli, huzitoa upande wa pili, zikarundikana kwenye kijifereji. Maji huzifuata kwa osmosisi, yaani huelekea penye vitu vingi vilivyoyeyuka. Yaani asidi zenyewe ndizo zinazoifanya nyongo itiririke. Sehemu nyingine ya maji huvutwa na glutathioni, molekuli nyingine inayotolewa na seli ya ini, na nyingine huongezwa njiani na seli za mirija ya nyongo, zinazotoa baikaboneti zikichochewa na homoni ya sekretini. Lakini wewe shika kwanza hilo la asidi.

Halafu piga hesabu, tena kwa mkono wako. Ini hutengeneza asidi hizi kutokana na kolesteroli, takribani nusu gramu kwa siku. Akiba yote ya mwilini ni gramu 2 hadi 4 hivi, ila huzunguka mara 6 hadi 10 kwa siku: hushuka utumboni, husaidia kumeng'enya mafuta, kisha zaidi ya asilimia 95 hufyonzwa, hasa mwishoni mwa utumbo mwembamba, na kurudi kwenye ini. Chukua gramu 3, zidisha kwa 8. Gramu 24 zimepita utumboni kwa siku moja, na ini limetengeneza nusu gramu tu, ya kufidia ile iliyotoka na choo. Tangu nilipoiandika hesabu hiyo sijawahi kuisahau.

Usichanganye asidi za nyongo na bilirubini. Zote mbili hutoka na nyongo, lakini bilirubini ni taka ya chembe nyekundu za damu zilizovunjwa, haina kazi yoyote kwenye mafuta. Na mfuko wa nyongo hautengenezi nyongo. Huihifadhi na kuikoleza, basi.

Kazi ya asidi za nyongo kwenye mafuta utaielewa kwa glasi ya maji. Tia tone la mafuta ya kula, koroga, subiri: yanapanda juu na kuungana tena. Tia sabuni kidogo, koroga upya, na maji yanabaki meupe kama maziwa. Asidi ya nyongo nayo ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Ndiyo maana ingeweza kuzidhuru hata kuta za mirija yake, lau fosfolipidi (aina ya mafuta) zinazotoka nayo zisingeipunguza makali.

Ukishayaweka haya kichwani, jipime kwa mgonjwa aliyekatwa kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba. Kikiwa kifupi, asidi zisizofyonzwa huingia utumbo mpana na kuufanya utoe maji: anaharisha, na kolestiramini, dawa inayozinasa asidi hizo, humsaidia. Kikiwa kirefu, ini huongeza utengenezaji lakini halifidii tena, akiba inapungua, na choo kinakuwa na mafuta. Huyu wa pili ukimpa dawa ileile, unamnyang'anya hata zile chache zilizobaki.